Kanuni Kabla ya Majina

Hotuba ya wakili mmoja mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa, Kabuchai



Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuamua. Baadhi yenu mlitarajia kwamba wakili akipewa nafasi atazungumza juu ya Katiba, na wengine, ninawafahamu, mlitarajia niwataje wezi wa kura kwa majina. Hayo yana siku yake. Leo kuna shauri lililo mezani petu. Makundi matatu ya mageuzi yaliyomo katika wadi zetu nne yanatakiwa kukata neno: je, yataandaa mawakala wa kulinda kura kwa pamoja, au kila kundi litaandaa wa kwake? Sikuja kuwaamulia. Nimekuja na vyombo vichache vya kuamulia, na ningependa kuwaonyesha jinsi vyombo hivyo, na hasa kukosekana kwavyo, vilivyoitendea nchi hii tangu tulipoanza kudai vyama vingi.

Mshonaji wa pale soko la Chwele hakati kitambaa kwa kubahatisha. Anacho kiolezo cha karatasi ngumu ambacho hukitandaza juu ya kitambaa, akachora kwa chaki, ndipo mkasi ufuate. Kiolezo chenyewe hakivaliki, wala hakikueleza mteja ni nani na ana kitambi kiasi gani. Hata hivyo huokoa kitambaa. Akili ya mwanadamu nayo ina violezo vyake. Mwanasaikolojia Kenneth Craik wa Cambridge alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1943 kwamba mtu hubeba kichwani mfano mdogo wa ulimwengu, akajaribu mambo ndani ya mfano huo kabla ya kuyatenda nje. Miaka mingi baadaye, mwaka 1994, Mmarekani Charlie Munger, aliyesomea sheria kabla ya kugeukia uwekezaji, aliwahimiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California wakusanye violezo vya namna hiyo kutoka katika taaluma nyingi, si moja. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa katika kamati: mwenye kiolezo kimoja hulazimisha kila kitambaa kiwe shati.

Niruhusuni nianze na kiolezo ninachokutana nacho karibu kila wiki ofisini. Mtu huingia na ramani ya shamba mkononi, ameikunja vizuri, anaitandaza mezani na kusema, "Wakili, tazama, jirani ameingia kwangu." Ramani ni ya serikali, ina muhuri, na mwenyewe anaiamini kuliko macho yake. Lakini Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, Sura ya 300 ya zamani, ilisema waziwazi kwamba, isipokuwa pale ambapo mipaka imepimwa na kuandikwa rasmi katika sajili kuwa imethibitishwa, ramani huonyesha mpaka kwa makadirio tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 iliirithi kanuni hiyo. Maana yake ni kwamba kabla ya kwenda mahakamani ni lazima mtu atembee shambani, aone mti wa mpakani, awaulize wazee waliokuwapo mpaka ulipowekwa.

Basi ramani si shamba. Jambo hili ni jepesi kulisema na gumu kulishika, kwa sababu ramani hupendeza. Mwanzoni mwa mwaka 1992, baada ya Kifungu cha 2A kufutwa mwezi Desemba 1991, mikutano ya FORD ilifurika watu kiasi kwamba kiongozi aliyesimama jukwaani hakuona mwisho wa umati. Umati ule ulikuwa ramani. Uliwaonyesha viongozi kwamba nchi imechoka, na hilo lilikuwa kweli. Haukuwaonyesha jinsi maeneo ya ubunge yalivyokatwa, wala haukuwaonyesha yale maeneo ya Bonde la Ufa ambako zaidi ya wagombea kumi wa KANU wangepita bila kupingwa. Kura zilipohesabiwa, KANU ilipata viti 100 kati ya 188. Aliyekuwa amehesabu vichwa uwanjani Kamukunji hakuweza kuelewa viti hivyo vimetoka wapi. Nanyi mnaopiga hesabu ya wafuasi kwa kutazama mahudhurio ya ibada au idadi ya fulana zilizogawanywa, kumbukeni mti wa mpakani.

Kiolezo kingine ni kuligeuza swali. Badala ya kuuliza, "Tufanye nini tufaulu?" mtu huuliza, "Ni kitu gani hasa kitakachotuangusha?" kisha akakikwepa. Waasisi wa FORD walilifanya hilo kwa ustadi ambao haujasifiwa vya kutosha. Mwezi Agosti 1991 chama cha upinzani hakikuruhusiwa kisheria. Wangeweza kuomba kusajiliwa, na wangekataliwa. Swali lililowafaa lilikuwa jingine: sheria inatushika wapi? Sheria ya Vyama, Sura ya 108, ilitambua jumuiya kuwa ni mkusanyiko wa watu kumi au zaidi. Waliojitokeza kwa majina walikuwa sita: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro mzee wetu wa Kitale, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz. Sita hawafiki kumi. Serikali yenye polisi, mahakama na vizuizi ilibaki ikitazama wazee sita ambao kwa mujibu wa maandishi ya sheria hawakuwa na chama cha kusajiliwa. Naam, mkutano wao wa Kamukunji wa tarehe 16 Novemba 1991 ulipigwa marufuku na wengine wakakamatwa. Sheria haikuwa ngao ya chuma. Lakini waliipa harakati hii jina na anwani wakati ambapo havikuwezekana.

Watawala wenyewe hawakuwa na mazoea ya kuuliza swali fupi kuliko yote, nalo ni: "Na kisha?" KANU ilipoamua mwaka 1986 kwamba wapiga kura wa mchujo wapange foleni nyuma ya wagombea, hatua ya kwanza ilionekana nzuri kwao: hakuna karatasi, hakuna gharama, na mwenye kupata zaidi ya asilimia 70 anapita bila kura ya siri. Na kisha? Viongozi wa NCCK wakapinga mwaka huohuo, kwa hoja ambayo kila mchungaji hapa anaielewa: mchungaji akisimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja, Jumapili atawahubiria vipi waumini waliosimama nyuma ya yule mwingine? Uchaguzi wa mlolongo ukafanyika mwaka 1988, watu wakaona kwa macho yao foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu. Na kisha? Wananchi ambao hawakuwa wamewahi kujali siasa wakawa mashahidi. Wizi wa debe hufanyika gizani na mtu anaweza kuukana. Mlolongo uliufanya wizi kuwa tamasha. Miaka mitatu baadaye 2A haikuwepo. Sidai kwamba mlolongo peke yake uliiondoa, kwa maana kulikuwa na wafadhili, na kuanguka kwa tawala za Ulaya ya Mashariki, na Saba Saba ya 1990 pamoja na damu iliyomwagika. Ninachodai ni kwamba mtu aliyejiuliza "Na kisha?" mara mbili tu mwaka 1986 angeliona jambo hilo likija.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Watu wengi wakisimulia mwaka 1992 husema kwamba upinzani uliangushwa na tamaa. Wazee walitaka ikulu, pesa ikapita, tukauzwa. Simulizi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini mimi naiona ni simulizi ya uvivu, na ina hatari: humfanya msikilizaji adhani kwamba akipata viongozi wasio na tamaa basi yatakuwa mema. Hebu tuwatazame waliokuwepo. Odinga alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 na kulipa gharama ya msimamo wake kwa zaidi ya miaka ishirini. Kenneth Matiba alitiwa kizuizini mwaka 1990 kwa kudai vyama vingi, akapigwa na kiharusi. Mwai Kibaki wa chama cha DP alikuwa na uzoefu wa serikali kuliko karibu mtu yeyote nje ya KANU. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angesema uongo akisema, "Nami pia nastahili."

Mchukue mmoja wao, yeyote, umweke katika chumba peke yake usiku. Anafikiri hivi: "Wenzangu wakinipisha, ni heri nigombee, maana nitashinda. Wenzangu wasiponipisha, ni heri pia nigombee, maana nikijiondoa nitakuwa nimewakabidhi wafuasi wangu bure." Pande zote mbili za hesabu zinampeleka mahali pamoja. Hesabu yake haina kosa. Mwenzake katika chumba cha pili anapiga hesabu ileile, na wa tatu vilevile. Asubuhi wote watatu wanachukua fomu. Tarehe 29 Desemba 1992 Daniel arap Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Matiba akapata kama 26, Kibaki 19, Odinga 17. Jumlisheni hao watatu nanyi mnapita asilimia 60. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Wanahisabati wa Marekani waliuchora mchezo huu mwaka 1950. Merrill Flood na Melvin Dresher ndio waliouanza, na Albert Tucker akauvika hadithi ya wafungwa wawili waliotengwa katika seli mbili. Kila mmoja anaambiwa na polisi kwamba akimtaja mwenzake atapunguziwa. Kila mmoja, akihesabu peke yake, anaona heri ataje, iwe mwenzake amenyamaza au amesema. Wote wanataja, na wote wanafungwa muda mrefu kuliko kama wangenyamaza. Nimewaona watu wa namna hiyo katika seli halisi, na nawahakikishia kwamba si wapumbavu. Kinachowaangusha ni ukuta ulio kati yao na kukosa ahadi yenye nguvu iliyofanywa kabla ya kukamatwa.

FORD haikuwa na ahadi ya namna hiyo. Kumbukeni ubishi uliokipasua chama kati ya Agosti na Oktoba 1992 ulihusu nini, angalau kwa maneno. Upande wa Matiba na Shikuku, pale Muthithi House, ulitaka mgombea achaguliwe na wanachama wote kwa kura ya moja kwa moja. Upande wa Odinga, pale Agip House, ulitaka wajumbe. Njia zote mbili ni halali, na vyama vya nchi nyingi hutumia ama hii ama ile. Laiti swali hilo lingeulizwa Agosti 1991, wakati FORD ilikuwa ya wazee sita na Matiba angali mgonjwa, lingejibiwa kwa mchana mmoja. Lilipoulizwa mwaka mmoja baadaye kila mtu alikwisha kujua ni njia ipi itamfaa nani. Tangu hapo ubishi juu ya njia ulikuwa ubishi juu ya mtu uliovaa joho la kanuni. Mzee Muliro, ambaye wengi walimtazamia awe mmoja wa wapatanishi, alifariki ghafla kiwanjani Nairobi tarehe 14 Agosti 1992 akitoka London. Sisi wa huku tulimzika tukiwa na majonzi mawili.

Ndiyo maana ninasema: kanuni itangulie majina. Wahubiri mtanisahihisha, lakini naona Kitabu cha Matendo, sura ya kwanza, kilikwisha kutufundisha jambo hili. Nafasi ya Yuda ilipotakiwa kujazwa, Petro hakuanza kwa kuuliza nani anaitaka. Alianza kwa kutaja sifa: awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi siku ya kupaa. Baada ya sifa kukubalika ndipo majina mawili yakaletwa, Yusufu na Mathiya, na baada ya sala ndipo kura ikapigwa. Aliyekosa hatusikii popote kwamba alianzisha kundi lake.

Mwaka 1997 tulirudia hesabu ileile: Moi asilimia 40, na waliobaki wakagawana zilizosalia, Wamalwa Kijana wetu akiwa miongoni mwao kwa takriban asilimia 8. Mwaka 2002 hatimaye Kibaki, Wamalwa na Charity Ngilu wakaafikiana mapema juu ya nani atashika nini, na mwezi Oktoba Raila Odinga na wenzake waliotoka KANU wakajiunga nao. NARC ikapata asilimia 62. Wapo wanaosema hilo lathibitisha kwamba umoja hushinda siku zote. Mimi, kwa mazoea ya kazi, naomba tupime ushahidi: mwaka huo KANU nayo ilikuwa imepasuka, na Moi mwenyewe hakuwa mgombea. Umoja ulikuwa wa lazima. Sina uhakika kama ungetosha peke yake.

Na ushindi ule ulipoa haraka. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu chombo ninachotaka mkitumie leo kinatoka kwetu.

Kwa sisi Babukusu, mzee wa heshima akifariki, baada ya mazishi watu hukutanika kumsikiliza msemaji wa kumuse. Husimama uwanjani mbele ya watu, akaeleza tulikotoka, nani alipotoka wapi, ukoo gani ulivunja nini, na yatakayotupata tusiporekebisha mwendo. Uzito wa kumuse uko katika ruhusa. Msemaji anaruhusiwa kutamka hadharani yale ambayo siku nyingine yangeleta ugomvi, na watu huyapokea kwa sababu ni siku ya kuyapokea. Ina upungufu mmoja tu: marehemu hayupo kusikia.

Mwanasaikolojia Mmarekani Gary Klein alieleza mwaka 2007 njia ambayo mimi naiita kumuse kabla ya kifo. Kabla mpango haujaanza, kundi hukaa na kujifanya kwamba mwaka umepita na mpango umekufa kabisa. Haliulizwi kama utakufa. Linaambiwa umekwisha kufa. Kila mtu, peke yake, anaandika umekufa kwa nini. Kisha karatasi zinasomwa. Tofauti inaonekana ndogo, lakini katika mkutano wa kawaida anayetaja hatari huonekana mwoga, au amenunuliwa. Katika mkutano huu anayetaja hatari nyingi ndiye mshiriki bora. Ruhusa ileile ya kumuse.

Wawazieni wakuu wa NARC siku ile ya Oktoba 2002, kalamu zikiwa bado mezani. Mtu anasema: "Ni mwishoni mwa 2005, muungano huu umekufa. Andikeni sababu." Nani angekosa cha kuandika? Mmoja angeandika kwamba tumeahidi katiba mpya kwa siku mia moja na hatuna ratiba. Mwingine angeandika kwamba makubaliano ya kugawana nyadhifa yako kwenye karatasi isiyo na wa kuitetea. Wa tatu angeuliza cheo cha waziri mkuu kitatoka wapi ikiwa katiba haijabadilishwa. Haya hayakuwa siri, yalinong'onwa. Yakabaki minong'ono hadi kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, ambapo mawaziri wa serikali moja walifanya kampeni wakipingana, rasimu ikaangushwa kwa takriban asilimia 58, na Rais Kibaki akavunja baraza zima la mawaziri. Wamalwa, aliyekuwa makamu wa rais, alikuwa amefariki London mwezi Agosti 2003. Mwisho wa 2007 nchi ikaingia katika uchaguzi ikiwa na jeraha hilo bichi, na zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Katiba yenyewe ikaja tarehe 27 Agosti 2010.

Nawaambia hivi kama mwanasheria: ahadi isiyokuwa na shahidi wala hifadhi ni maneno mazuri. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011 ilijifunza kutokana na majuto hayo, ikataka mapatano ya miungano yawekwe kwa Msajili wa Vyama. Ninyi hamna Msajili. Lakini mnao wachungaji watatu wa madhehebu tofauti waliokaa safu ya mbele, na nakala tatu za makubaliano zikiwekwa kwao, mtu atasita kidogo kabla ya kuyaruka.

Juu ya kazi ya pamoja, nitasema machache. Tarehe 30 Oktoba 1935, kule Ohio, ndege mpya ya Boeing ilipaa katika majaribio mbele ya wakuu wa jeshi, ikageuka na kuanguka, na rubani wake akafa. Alikuwa mmoja wa marubani hodari. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifungio kilichoshika usukani wa mkia ndege ikiwa chini hakikufunguliwa. Marubani wenzake hawakudai mafunzo marefu zaidi. Waliandika orodha fupi ya mambo ya kukagua, na ndege hiyo ikaruka miaka mingi. Wakala wa kura ni rubani wa siku moja, mwenye njaa na usingizi. Anajua kwamba Fomu ya 34A lazima ilinganishwe na hesabu ya kura, itiwe saini, nakala ichukuliwe, na nakala nyingine ibandikwe mlangoni. Anajua yote hayo saa tatu asubuhi. Swali ni kama anayajua saa nane usiku. Mpeni kadi.

Na kadi hiyo si kitu kidogo. Mwezi Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneo la ubunge ni ya mwisho, hayawezi kupikwa upya Nairobi. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ikafuta uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti. Hoja iliyobeba hukumu ile ilikuwa kwamba uchaguzi haupimwi kwa jumla ya mwisho peke yake. Hupimwa pia kwa njia iliyoifikisha jumla hiyo. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 zikawekwa mahali ambapo mwananchi yeyote aliweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Malalamiko ya safari hiyo yalitupwa na majaji wote, na wenye fomu mkononi walikuwa na kitu cha kusema. Wasiokuwa nazo walikuwa na uchungu tu.

Hukumu ile ya 2017 yafaa hata nje ya uchaguzi. Msipime uamuzi kwa matokeo peke yake. Kijana aliyelinda kituo chake vizuri na mgombea wake akashindwa ameifanya kazi, apewe kituo hichohicho tena. Aliyelala na mgombea wake akashinda amepata bahati, na bahati hiyo itamlea vibaya.

Mtu mmoja mmoja naye anahitaji violezo vya kujitawala. Kimoja ninachowapa wateja wangu ni hiki. Ndugu wawili wamepigania mpaka wa hatua tatu kwa miaka tisa. Ng'ombe wameuzwa, ada za shule zimeliwa. Nikiwashauri wapatane, jibu ni lilelile: "Wakili, nimekwisha tumia mengi, siwezi kuacha sasa." Ndipo huuliza: kama kesi hii isingekuwepo, ungeifungua leo? Kilichotumika kimekwenda, mpige kesi au msipige. Nasema hivi nikijua kwamba ushauri huu unapunguza pato langu. Nanyi mlio na kundi ambalo mmelilisha kwa jasho kwa miaka kumi, msiulize limewagharimu nini. Ulizeni kama lisingekuwepo, mngelianzisha leo likiwa peke yake.

Kingine kinahusu hasira, na kinatosha kwa sentensi moja: barua uliyoiandika usiku isomwe asubuhi na mtu asiyekupenda sana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimechukua muda wangu. Ningependekeza kikao cha alasiri kisianze na swali la kuungana au kutoungana. Kianze na sifa za wakala: awe mtu wa namna gani, nani amchuje, na wakizidi idadi nani aondolewe. Mkubaliane juu ya hayo kabla jina lolote halijatajwa, na yeyote atakayetaja jina kabla ya hapo aambiwe asubiri. Mkishindwa kukubaliana juu ya sifa, mtakuwa mmejua mapema, na kwa gharama ya chai tu.

Kabla ya chai yenyewe, katibu ana karatasi na kalamu. Kila mtu achukue moja, asiandike jina lake. Juu ya karatasi andikeni hivi: "Uchaguzi umepita, mpango wa mawakala wa Kabuchai umekufa." Chini yake andikeni sababu mnazozijua, pamoja na zile ambazo hamjapata kumwambia mwenyekiti wa kundi lenu. Mama aliye mlangoni na kikapu ndiye atakayezikusanya, nasi tutazisoma zote kwa sauti, hata zinazonihusu mimi.